Macho Aenda Kukagua Mahema

Jina la Macho nilipewa na shangazi, nami nikalivaa kama kilemba. Nilipoanza kazi kwenye karakana yake ya kushona mahema na maturubai, nilikuwa naokota vipande vya uzi sakafuni, na mtu aliyeinama huona mengi. Niliona sindano iliyoanza kupinda kabla haijakatika. Niliona mkasi uliosemwa umeibwa, umelala zake chini ya kitambaa. Nilimtambua mteja aliyeingia kukwepa jua tu, anauliza bei ya turubai huku anafuta jasho. "Huyu mtoto ana macho," shangazi akasema, na tangu hapo hata wauza nyuzi wananiita hivyo. Mwanzoni lilikuwa jina. Baadaye likawa ugonjwa.

Karakana ni chumba kimoja kirefu chenye cherehani tatu. Ya dirishani ni ile nzito, inayotoboa turubai lililokunjwa mara nne bila kuguna, na anayeikalia ni Babu Miwani. Si babu yangu wa damu, ni babu wa karakana. Alikuwepo kabla shangazi hajanunua cherehani ya pili. Miwani yake ina vioo vinene kama vitako vya chupa. Cherehani ya pili ni yangu, nayo hushona vizuri ukiibembeleza. Ya tatu ni ya shangazi mwenyewe, ingawa tangu goti lianze kumsumbua anakaa zaidi mezani, mguu juu ya ndoo, akipima na kukata.

Sisi mahema tunayafanya hivi. Ukishaunganisha vipande vyote, unalitundika hema kwenye kulabu za darini, ndani yake ikiwa nje, ili mishono yote uione na uipake nta. Likikauka linashushwa, linakunjwa, linatiwa kwenye mfuko wake. Kushusha na kukunja ilikuwa kazi ya shangazi, akiifanya peke yake sisi tukishaondoka. Goti lilipogoma, kazi hiyo ikaja kwangu. Hakunieleza chochote, nami sikuuliza. Macho aulize nini?

Mahema ya kwanza niliyoyakunja mimi yalikuwa sita, ya bustani mpya iliyofunguliwa kando ya ziwa, mahali ambapo watu wenye vitanda vyao nyumbani huenda kulala chini kwa hiari. Mvua ya kwanza ikanyesha, na barua ikaja. Shangazi aliisoma kwa sauti. Mahema yanavuja, wageni wamehama, msimamizi anasikitika, na kwa hali hii hadhani kama ataagiza mengine.

Mimi na shangazi tulimtazama Babu Miwani, halafu tukajifanya hatumtazami.

Hapa inabidi nikiri jambo. Mwezi mmoja kabla, tukiwa kwenye chai, nilisema, "Babu siku hizi anatunga uzi kwa kunusa." Watu walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote maana utani ulikuwa wangu. Siku ya barua, Babu alipotoka kwenda msalani, shangazi aliurudia utani ule neno kwa neno, polepole, na hakuna aliyecheka.

"Nenda ukaone," akaniambia. "Mwandiko wa kila mmoja unaujua."

Nilikuwa naujua. Babu huanza mshono kwa kuirudisha cherehani nyuma mara tatu, mimi mara mbili. Hata gizani, kwa kidole tu, ningekwambia hema lipi ni la nani.

"Kama yanayovuja ni ya Babu, nitamwambia akapumzike. Amefanya kazi ya kutosha mzee wa watu. Na cherehani ya dirishani utaikalia wewe."

"Maskini Babu," nikasema kwa sauti ya huzuni. Ilikuwa sauti nzuri sana. Nilipofika nyumbani niliijaribu tena, nikaona bado inafanya kazi.

Shangazi akanipa na hema la saba, nililolishona mimi mwanzo mpaka mwisho, ili msimamizi alimwagie maji mwenyewe aone mkono wa kuaminika ukoje. Babu alisikia habari za safari hiyo, akaendelea kushona. Tangu barua ije alikuwa hatungi tena uzi mbele ya watu. Alingoja twende kwenye chai ndipo atunge. Niliona na hilo pia, nikaliweka pamoja na ushahidi mwingine.

Nilikwenda na wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni msusi, na siku yake ya mapumziko hapendi kuiona imekaa bure. Gari la bustani lililokuja mjini kuchukua mitungi ya gesi ndilo lililotubeba. Wifi alipanda na mkoba mkubwa kunishinda mimi niliyebeba hema.

"Umebeba nini humo?"

"Mto. Gauni la akiba. Kioo. Mkate na mayai."

"Wifi, tunarudi jioni hii hii."

"Wewe si umesema tunakwenda kwenye mahema? Kwenye mahema watu wanalala. Mimi nikifika mahali pa kulala bila mto shingo inanikaza."

Sikumcheka sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua ya kaka, namba mbili zaidi ya mguu wangu, na soksi tatu za kujazia. Niliambiwa kandokando ya ziwa kuna nyoka. Tuliposhuka langoni, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mama mmoja mtu mzima, anapita na taulo begani, mguuni ndara.

Msimamizi alitupokea kwa adabu. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye faili kwapani na filimbi shingoni ambayo siku nzima sikumsikia akiipuliza. Akatupeleka moja kwa moja yalikokuwa mahema, sita yamejipanga chini ya miti, milango yote inatazama maji. Ziwa lilikuwa limetulia kama chai iliyosahauliwa mezani.

Nilisimama nikayatazama, nikajisikia kama mama aliyekuja kuwatembelea watoto wake shuleni. Yalikuwa vile vile ninavyoyajua. Mishono yote inaonekana, nta yangu juu yake. Kile kimfuko cha kuwekea tochi kiko pale pale karibu na mlango. Hata kitambaa chetu chenye jina la karakana na namba ya simu kilikuwa kinapepea hapo mlangoni, kila mpita njia anakisoma.

"Mmefanya vizuri kuweka jina letu mahali pa kuonekana," nikamwambia msimamizi.

"Sisi tumeyasimamisha kama yalivyotoka mfukoni," akajibu.

Nikainama nikaanza ukaguzi. Nilipapasa, nikahesabu, nikatingisha kichwa kama daktari aliyekwisha kujua kilichomuua marehemu. Manne yalikuwa ya Babu, mawili yangu. Nikatoa daftari.

"Yanayovuja ni yapi?"

"Yote."

"Yote sita?"

"Yote, dada. Ila la nne ndilo bafu kabisa."

La nne lilikuwa la Babu. Nikaandika: *manne yanavuja*. Niliambiwa sita kwa kinywa cha mwenye mahema, masikio yangu yakasikia sita, mkono wangu ukaandika manne. Nilijiambia yale mawili huenda yanarushiwa maji na majirani zake.

Kisha tukalisimamisha la saba. Nimeshona mahema miaka sita na sikuwa nimewahi kusimamisha hata moja. Kwetu hema huning'inia darini kama popo. Nililitoa mfukoni, msimamizi akashika nguzo moja, wifi akashika nyingine, mimi nikapigilia vigingi. Kigingi cha kwanza kiligonga jiwe, cha pili kiligonga buti la kaka, na kwa bahati mbele ya buti hapakuwa na kidole. Lilipokaa sawa lilifanana na wenzake kama mayai ya kuku mmoja.

"Pampu inawashwa saa nane," msimamizi akasema. "Mpaka hapo tembeeni. Njia zetu ni fupi, hazichoshi."

Langoni kulikuwa na ubao wenye njia tatu zilizochorwa kwa rangi. Tukachagua iliyo fupi kuliko zote, ya ufukweni: mita mia nane, dakika ishirini.

"Mita mia nane si ni kutoka kwetu mpaka kwa muuza mkaa?" wifi akauliza.

"Nifuate mimi," nikasema. "Mishale naiona."

Na mishale niliiona kweli. Ilikuwa ya njano, juu ya vigogo. Tulipita kwenye matete, tukapita daraja la mbao, tukapanda ngazi za udongo, tukamkuta yule mama wa taulo sasa amekaa kwenye benchi anamenya chungwa. Tukasalimiana, tukapita. Nikafuata mshale. Matete, daraja, ngazi. Mama kwenye benchi, anamenya chungwa la pili.

"Wifi," wifi akaninong'oneza, "yule mama ana pacha?"

"Madaraja ya siku hizi yote yanafanana. Twende."

Shida yangu ni kwamba njia ninayoijua mimi ni kitu kinachokupeleka mahali. Unatoka hapa, unafika kule. Kwamba kuna watu waliokaa chini wakachora njia ya kukurudisha ulikotoka, kwa makusudi, na wakaiwekea mishale, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Mabuti yalikuwa yameanza kuimba. Soksi moja ilikuwa imejikusanya kwenye unyayo kama kitumbua. Nikasema moyoni, tukifika mwisho wa njia nitapumzika.

Mara ya tatu mama alikuwa ameshamaliza machungwa.

"Mkipita tena nitawawekea chai," akasema.

"Tunafanya mazoezi," nikajibu.

"Na mabuti hayo? Hongera, mwanangu. Njia yenyewe ni duara, lakini naona mnajua."

Wifi alikaa benchi bila kukaribishwa, akavua viatu, akanitazama. Kisha akamwambia yule mama, "Huyu tunamwita Macho."

"Anaona nini?"

"Mpaka sasa amekuona wewe mara tatu."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa mita mia nane, mara tatu.

Yule mama alikuwa mwuguzi mstaafu, amekuja kukaa wiki moja peke yake kwa sababu, alivyosema, miaka thelathini aliamshwa na kengele na sasa anataka kuamshwa na ndege. Badala yake aliamshwa na maji. Ndiye aliyelala hema la nne.

"Si kwamba yananyesha ndani," akatueleza. "Yanajikusanya kwanza. Yanakaa kwenye mshono, yanafikiri, ndipo yanashuka. Na kile kimfuko cha nje kilijaa kama kikombe. Asubuhi natafuta tochi, nimemshika chura."

Nilishangaa mtu kulalamikia mfuko. Mfuko uko pale ulipo siku zote. Ukisimama mbele ya hema lililotundikwa, unautia mkono. Hilo la maji kukaa kwenye mshono nililiandika, na mbele yake nikaandika *Babu*.

Saa nane pampu ikawashwa. Msimamizi alivuta mpira wa maji, akasema anahitaji mtu wa kukaa ndani ya hema la saba atoe habari. Wifi akajitolea, akaingia na mto wake. Mwuguzi alikuja kutazama na kiti chake cha kukunja. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu siku ya matokeo.

"Haya, Bwana Msimamizi, usimwonee huruma."

Akafungulia.

"Vipi huko?" nikapaza sauti.

"Kukavu," wifi akajibu kutoka ndani. "Kuna raha zake. Nikipata redio siondoki."

Nikamtazama msimamizi. Nikamtazama mwuguzi. Nilikuwa nimeanza kuona cherehani ya dirishani, nimeshaisogeza kidogo kuelekea mwanga.

"Wifi," sauti ikatoka, "kuna kitu kimenigusa shingo. Nadhani ni jasho."

"Kaa kimya ulale."

"Si jasho."

"Ni nini?"

"Wifi, mimi nasuka watu nywele, maji nayajua. Haya ni maji. Yanatoka huku. Na huku. Mto wangu, jamani, mto wangu—"

Akatoka amelowa kuanzia kichwani, mto kifuani kama mtoto aliyeokolewa. Msimamizi akafunga maji. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Akafungua faili, akaandika kitu kifupi.

"Nitamwandikia shangazi yako," akasema kwa upole. "Poleni na safari."

Wifi akaenda mabafuni kubadilisha nguo. Mimi nikabaki na hema langu. Mishono yangu, mkono wangu, kurudi nyuma mara mbili, na linavuja kama la Babu, au zaidi. Kama macho ya Babu yamekwisha, ya kwangu yalikuwa na nini? Sikuweza tena kusema nani alaumiwe, na nikawaza tutarudi mjini bila oda na bila jibu, na shangazi atafanya lile alilokwisha kulisema. Mtu wa kupumzishwa angekuwa Babu, maana ndiye mwenye miwani.

Wifi akarudi na gauni la akiba. Mwuguzi akatabasamu.

"Binti, umevaa kwa haraka."

Alikuwa ameligeuza. Ndani iko nje. Pindo lote liko wazi, nyuzi zinaning'inia, mfuko wa ubavuni umetokeza kama sikio, na shingoni kile kitambaa cha jina la duka kinapepea.

Nimeshona tangu nina miaka kumi na saba. Nikamwambia wifi bila hata kufikiri, "Gauni hilo halivaliwi hivyo, mfuko hautakiwi kuwa nje." Nikamaliza kusema. Nikageuka taratibu, nikalitazama hema. Mfuko nje. Mishono nje. Kitambaa cha jina, ambacho asubuhi niliwapongeza watu kwa ajili yake, kinapepea mlangoni.

Nikayatazama na yale sita.

Nitaeleza kwa ufupi, maana hata leo nikieleza naona haya. Vipande vya hema hupandana kama mabati ya paa: la juu linalala juu ya la chini, maji yanateleza. Ukiligeuza hema, la chini ndilo linalolipanda la juu, na kila mshono unageuka mfereji unaokinga maji na kuyaleta ndani. Mahema saba, yote yalisimamishwa ndani nje. Yalisimamishwa hivyo kwa sababu yalitoka mfukoni hivyo. Yalitoka mfukoni hivyo kwa sababu kuna mtu aliyashusha kwenye kulabu na kuyakunja kama yalivyokuwa, siku zote akidhani ndivyo hema linavyofanana.

"Una nini?" wifi akauliza. "Umekuwa kama umeona nyoka."

"Tuligeuze," nikasema.

Tulilishusha, tukaligeuza, tukalisimamisha tena. Msimamizi akamwaga maji mpaka mkono ukamchoka. Safari hii niliingia mimi, wifi alikataa hata kusogelea. Kulikuwa kukavu, ila tone moja lililotoka kona ya nyuma, likanidondokea juu ya buti.

Tukayageuza na yale sita. Manne ya Babu hayakupitisha hata unyevu. Mwuguzi aliingia la nne akapitisha leso ukutani, akatoka nayo kavu akatuonyesha kama kura. Mawili yangu yalikuwa mazima, isipokuwa kwenye kona, pale ambapo mimi huwa na haraka ya kumaliza.

Msimamizi akatikisa kichwa. "Kumbe ni watu wangu waliosimamisha vibaya. Niombee radhi kwa shangazi yako. Yale mengine nitaagiza."

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi, na nilikuwa mwembamba wa kutosha kupita.

"Hutokea," nikamwambia.

Garini wifi alinipa kisogo mpaka tulipoiona barabara ya lami. Kisha akasema, huku anakamua mto dirishani, "Kwa hiyo ni watu wa bustani."

"Wamesema wenyewe."

"Nyani haoni kundule."

"Wifi, yameisha. Babu amepona, oda imepatikana, nani ameumia?"

"Mto wangu," akasema, akafunga dirisha.

Asubuhi nilifika karakana nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno, na kwenye maneno hayo niliwasamehe watu wa bustani kwa moyo mkubwa. Lakini nilipoingia, cherehani ya dirishani ilikuwa imefutwa mpaka inang'aa, imetiwa mafuta, na juu ya kiti kuna kitambaa kipya cha kukalia. Babu Miwani alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mfuko wake wa mkasi na futi mapajani.

"Amekuja alfajiri," shangazi akasema chinichini. "Amenitangulia mwenyewe. Anasema macho yamekwisha, hataki kufukuzwa na barua. Kaa, ujaribu cherehani."

Nikakaa. Sijui kwa nini nilikaa. Miguu ilikuwa imeiota ile cherehani miezi mingi, ikajipeleka yenyewe. Nikiwa hapo juu nikatoa habari zangu: mahema ni mazima, mishono ya Babu haikuvuja hata tone, watu wa bustani waliyasimamisha ndani nje, wameomba radhi, wanataka mengine.

Shangazi akashusha pumzi. Akamgeukia Babu kwa furaha. Babu hakuinuka.

"Usinifunikie kosa, mjukuu wangu," akasema.

"Sikufunikii, Babu. Nimeona kwa macho yangu."

"Mtu hukosea kusimamisha hema moja. Sita yote? Watu wazima wanasimamisha mahema sita ndani nje, na hakuna hata mmoja wao aliyejikuna kichwa?" Akatabasamu. "Una moyo mzuri. Lakini mimi kazi yangu naijua, na macho yangu nayajua. Siku hizi mpaka uzi nautunga kwa kunusa."

Aliusema utani wangu kama ulivyo, neno kwa neno. Kwa hiyo alikuwa ameusikia. Chumba kizima kilinitazama, ingawa tulikuwa watatu tu. Nilikuwa na uongo mzuri, wenye huruma, wa kumnusuru mtu, na yule wa kunusuriwa alikuwa anaukataa kwa sababu ulikuwa na huruma kupita kiasi.

Nikainuka. Darini kulikuwa na hema moja limetundikwa, nta imekauka. Nikapanda kigoda, nikalishusha, nikalitandaza sakafuni mbele yao. Nikalikunja vile ninavyokunja siku zote: pembe kwa pembe, mara tatu, kisha kuviringisha. Nikalitia kwenye mfuko. Nikavuta kamba.

Shangazi alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Huligeuzi?"

"Sikujua kama hugeuzwa."

"Tangu nikupe kazi hiyo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Yote sita?"

"Saba," nikasema. "Na la jana nilikwenda nikalisimamisha mwenyewe hivyo hivyo, nikawasifu kwa kuweka jina letu nje. Wale watu wamejilaumu bure, nami nikawaitikia. Yaliyovuja baada ya kugeuzwa ni yangu, kwenye kona. Yako, Babu, hayakuvuja."

Ndoo ya shangazi ikasogea chini ya mguu wake.

"Leo hii," shangazi akasema hatimaye, "unampigia simu yule bwana na kumwambia ni nani aliyekosea. Mimi nikiwa nimesimama hapa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kona utafumua zote."

"Ndiyo."

Babu Miwani alivua miwani yake. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na mimi ambaye huona kila kitu sikuwa nimewahi kuuona. Aliifuta kwa pindo la shati, akairudisha, akanitazama muda.

"Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba macho yamekwisha," akasema.

Hakusema kwa lawama. Ningependa angesema kwa lawama, lawama ningejua pa kuiweka.

Kisha akainuka, akachukua mfuko wake wa mkasi, akaja mpaka dirishani. Mimi nilikuwa nimesharudi pale bila kujijua, mkono juu ya gurudumu la cherehani yake.

"Basi nipishe," akasema.

Nikampisha.